Uzee wa Poda na Uzee Wenyewe

Waigizaji wa zamani wakikaa tena mbele ya igizo lao la televisheni, macho yote hukimbilia nyuso. "Dada, huyo ni wewe?" "Ndiye mimi, na wewe shemeji kumbe ulikuwa na shingo!" Kicheko kinapigwa, halafu kila mtu anarudi kujihesabia mvi kimoyomoyo. Kwa uzoefu wa sisi tuliopita kwenye maigizo huku kusini mwa Tanzania, Mtwara na Lindi, uso ndio unaosema machache kuliko vyote. Miaka 20 inajionyesha zaidi kwenye magoti, kwenye sauti, na kwenye namna mtu anavyogeuza shingo akiitwa. Anayechekesha kupita wote ni yule kijana wa miaka 24 aliyepewa sehemu ya babu: poda kichwani, pamba kidevuni, mgongo umepinda. Leo anaelekea umri wa babu yule, na karibu kila alichokifanya siku ile hakikuwa uzee.

Tutafika huko. Kwanza kanda ikubali kucheza.

Maigizo ya televisheni Tanzania Bara yalishika kasi baada ya 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo, na Televisheni ya Taifa ikafuata mwaka 2000. Kanda zilikuwa ghali, hivyo ilikuwa jambo la kawaida kurekodi kipindi kipya juu ya cha zamani. Ndiyo maana nakala iliyobaki mara nyingi haiko kituoni. Iko kabatini kwa mtu Chikongola, Mikindani, Ndanda au Nachingwea: kanda ya VHS iliyorekodiwa na jamaa kutoka hewani, au nakala ambayo waigizaji waligawiwa na mwongozaji. Ukibahatika utakuta kaseti ndogo ya MiniDV iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera. Hiyo ni hazina, kwa sababu haijapitia mnara wala antena ya mtu.

Adui wa kanda pwani ni unyevu. Mvua zetu huanza Desemba na kuendelea hadi Aprili, na hewa ya bahari inakuwa nzito kiasi kwamba hata chumvi mezani inagandamana. Kuvu hupenda hali hiyo. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu, kuvu hukaa juu ya mkanda kama unga mweupe. Kwa hiyo kazi ya kufungua kanda za zamani ifanyike wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, hewa ikiwa kavu. Shika kanda, ielekeze kwenye mwanga wa mlangoni, chungulia kwenye kidirisha chake. Mkanda mzuri ni mweusi unaong'aa na umejikunja sawasawa. Ukiona madoa meupe au pete za kijivu, usiitie kwenye deki. Kanda moja yenye kuvu inachafua vichwa vya deki, yaani sehemu zinazosoma mkanda, na deki ile inachafua kila kanda itakayofuata. Tumeona makabati mazima yakiharibika kwa haraka ya mtu mmoja aliyetaka kuonja dakika mbili tu.

Kanda yenye kuvu ifanyiwe kazi nje barazani, umevaa barakoa na glovu, upepo ukiwa mgongoni kwako. Kasha la VHS lina skrubu tano kwa chini. Kabla ya kulifungua lipige picha kwa simu, na ulifungue likiwa limelala, la sivyo springi ndogo ya mlango inaruka na hutaiona tena. Magurudumu mawili yanatoka na mkanda wake. Kuvu kavu hufutwa taratibu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha mkanda unahamishiwa kwenye kasha safi la kanda isiyo na maana, ya mahubiri yaliyorudiwa au mechi ambayo hakuna anayeikumbuka. Kanda ya dakika 180 ina mkanda wa karibu mita 250, hivyo usijidanganye kwamba utaifuta yote kwa mkono jioni moja. Palipokatika paunganishwe kwa utepe maalumu wa kuungia kanda. Selotepu ya dukani gundi yake huvuja kwenye joto letu na kung'ang'ania kichwa cha deki.

Kuhusu ushauri wa kuzika kanda kwenye mchele ili ikauke: vumbi la mchele linaingia ndani na unapata matatizo mawili badala ya moja. Vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vinafaa zaidi, ndani ya dumu la plastiki lenye mfuniko wa kubana.

Deki yenyewe sasa ni ya kutafuta. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza, iliacha mwaka 2016, kwa hiyo zilizopo ni za mitumba na nyingi zimekaa muda mrefu bila kuwashwa. Zipo kwa mafundi wa redio, juu kabisa ya rafu, chini ya vumbi. Kabla ya kutia kanda ya igizo, jaribu na kanda unayoweza kuipoteza. Picha ikijaa chenga juu hadi chini, vichwa ni vichafu. Lowanisha kipande cha ngozi laini kwa pombe ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, ile wanayotumia mafundi simu, kiegemeze kwenye lile pipa la chuma linalozunguka, halafu zungusha pipa kwa kidole cha mkono mwingine. Ngozi isisogee juu na chini hata kidogo, maana vichwa ni vipande vidogo mno na vinavunjika kwa mwendo huo. Vijiti vya pamba tupa mbali, nyuzi zake hunasa. Subiri pakauke kabisa ndipo uwashe.

Vunja kile kijino cha plastiki kwenye uti wa kanda kabla ya yote, ili mtu asibonyeze kurekodi kwa bahati mbaya. Kisha peleka kanda mbele hadi mwisho, irudishe hadi mwanzo, ndipo ucheze. Mkanda uliokaa miaka umeshikana, na mzunguko huo unaulegeza. Wakati wa kucheza uwe unanakili papo hapo kwenda kwenye kompyuta, kwa sababu kanda iliyochoka inaweza kukupa nafasi moja tu. Waya wa njano ni picha, mweupe na mwekundu ni sauti, na kifaa cha kunasia picha kinachoingia kwenye USB kinatosha. Mfumo uwekwe PAL, ule uliotumika kwetu, picha 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Ukiacha mpangilio wa Kimarekani rangi zitapotea au picha itaruka. Kwa MiniDV tumia waya wa FireWire, maana ule wa USB kwenye kamera nyingi za aina hiyo hutoa picha ndogo. Saa moja ya MiniDV hula karibu gigabaiti 13. Deki, kompyuta na runinga vyote vipitie kwenye stabilaiza na betri ya akiba. Umeme ukikatika mkanda ukiwa umevutwa nje umezunguka pipa, hapo ndipo kanda hutafunwa.

Sasa kukaa kutazama. Watu wenye miaka 50 hadi 70 na kitu hawawezi kukalishwa kama watoto wa kibanda umiza, kwenye mabenchi, feni ikilia na sabufa ikitikisa bati. Tunasema hivi kwa sababu lawama nyingi zinazopewa kanda zinatoka kwenye chumba.

La kwanza ni umbo la picha. Runinga za siku hizi ni pana, na igizo la zamani ni la 4 kwa 3, yaani upana 4 kwa kimo 3. Runinga ikiachwa ijipangie yenyewe, itavuta picha pembeni hadi ijaze kioo, na kila mtu atanenepa kwa theluthi nzima. Hapo utasikia, "Kumbe sijanenepa, nilikuwa hivi hivi tangu zamani." Ingia kwenye mpangilio wa picha, chagua 4 kwa 3, kubali mistari myeusi pembeni, na mjadala wa unene utaanza upya kwa haki.

La pili ni miwani. Kuanzia miaka 40 hadi 45 hivi, lenzi ya jicho huanza kukosa unyumbufu, na mtu anavaa miwani ya kusomea ya +1.00, baadaye +2.00 au +2.50. Miwani hiyo imetengenezwa kwa umbali wa kitabu, sentimita 40. Mtu akisahau kuivua na kutazama runinga iliyo mita mbili na nusu mbele yake, ataona ukungu, na atasema kanda imekufa. Kabla ya kugusa deki, mwambie mzee mwenzako avue miwani kwanza.

La tatu ni sauti, na hili ni gumu kidogo. Masikio yakizeeka hupoteza sauti nyembamba za juu kabla ya nzito. Zinazoondoka mapema ni s, sh, f, ch, zile zinazotofautisha neno na neno. Kwa hiyo mtu anasikia kwamba watu wanaongea ila haelewi wanasema nini. Ukiongeza sauti atasema sasa inamuumiza, na yote mawili ni kweli. Dawa yake: punguza besi kwenye sabufa, pandisha sauti za juu, zima feni, na spika uzitoe sakafuni uziweke usawa wa masikio zikiwatazama. Jenereta likiwashwa liwe nyuma ya nyumba nyingine. Mwigizaji atakayekataa kwamba hasikii vizuri mkalishe karibu na spika bila kumweleza sababu. Heshima ya mtu nayo ni sehemu ya kazi.

Viti viwe na mikono ya kuegemea, pumziko liwepo kila baada ya dakika 40, na njia ya chooni iwe na taa. Chai, kahawa na ming'oko ya kuchemsha vikae chumba kingine, ili mazungumzo ya kula yasigombane na sauti ya igizo.

Tazameni mara mbili. Mara ya kwanza ni ya vicheko na majina, msiidhibiti. Mara ya pili zimeni sauti mtazame miili, na hapo ndipo somo lilipo.

Chukua ile sini ya babu. Kijana amekaa kwenye kigoda, mgongo umepinda, mkono unatetemeka, bakora imeegemea goti. Mjukuu anaita kutoka nje. Babu ananyanyuka mara moja, wima, kama mtu aliyechomwa mwiba, kisha anakumbuka kupinda mgongo akiwa tayari amesimama. Mapaja ya miaka 24 yalifanya kazi yake kabla mwigizaji hajayakataza. Mtu wa miaka 70 hanyanyuki hivyo. Kwanza anasogea hadi ukingo wa kiti. Anavuta nyayo nyuma chini ya magoti. Anainama mbele hadi pua inapita magoti, mikono inasukuma kiti au mapaja, anapanda, halafu anasimama pale pale kidogo kabla ya hatua ya kwanza, akisubiri damu na mizani vikae sawa. Hatua ya kwanza na ya pili ni fupi, ya tatu ndiyo inayofunguka. Sababu ni misuli: kuanzia miaka ya 30 mwili hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huongezeka. Madaktari wana kipimo rahisi: kaa na usimame mara tano bila kutumia mikono, na ikizidi sekunde 15 ni dalili kwamba nguvu za miguu zimeshuka. Waigizaji waliokutana wanaweza kukijaribu, kiti kikiwa kimeegemezwa ukutani na mtu amesimama pembeni. Ni mchezo wenye utani mwingi, na unampa mwongozaji habari anazozihitaji kabla hajaandika sini ya mtu kukimbia.

Bakora nayo. Vijana karibu wote huishika upande wa mguu "mbovu". Aliyeumwa goti kweli hushika mkono wa upande wa pili, bakora na mguu mgonjwa vikatoka pamoja, ili uzito ugawanyike. Urefu wake unapimwa mkono ukiwa umening'inia: kichwa cha bakora kifike kwenye kifundo cha mkono. Zile bakora ndefu hadi kifuani tulizookota kichakani zilifaa kwa mchungaji wa mbuzi.

Kutetemeka ndiko kulikotumika vibaya zaidi. Uzee peke yake haumtetemeshi mtu namna ile. Mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika pajani mara nyingi ni ugonjwa wa Parkinson, na unaotetemeka wakati wa kuinua kikombe ni hali nyingine. Mwigizaji anayetetemesha mkono wakati wote, kwenye kikombe na pajani, anaigiza magonjwa mawili kwa mpigo na hana habari. Wazee wengi wa Mikindani wanaotengeneza nyavu wana mikono imara kuliko wajukuu zao.

Sauti ilitudanganya pia. Kijana akiambiwa aigize babu, hushusha sauti hadi tumboni na kukwaruza koo. Ukweli uko kinyume: nyuzi za sauti za mwanamume hukonda uzeeni, haziketi vizuri zikifunga, hewa inavuja, na sauti hupanda kidogo na kuwa nyembamba. Ya mwanamke ndiyo hushuka. Chezesheni kanda na msikilizeni mtu mwenyewe kwa zamu, mstari ule ule, na mtausikia mpishano huo bila kuelezwa. Kitu kingine ni pumzi. Sentensi iliyosemwa kwa pumzi moja mwaka 2001 leo inakatwa mara mbili, na inakatwa mahali penye maana, kwa sababu mtu mzima hajui kuhema katikati ya neno. Waandishi wa maigizo wangejifunza hilo wangewaandikia wazee maneno mazuri zaidi. Ila msianze kupima uzee wa sauti kwa malalamiko ya mtu anayejisikia mwenyewe. Hakuna anayependa sauti yake ikitoka nje, kwa sababu amezoea kuisikia kupitia mifupa ya kichwa chake, ambayo huongeza uzito usiofika kwenye kinasa sauti.

Turudi kwenye uso, kwa vile watu hawauachi. Tulichora mistari ya wanja kwenye paji la uso na kando ya macho. Ngozi nyeusi haizeeki kwa mistari membamba, au inachelewa sana kufanya hivyo. Inazeeka kwa kupungua nyama: kwenye panja panabonyea, chini ya macho pana kivuli, shavu linateremka na kutengeneza mkunjo kando ya pua, midomo inakonda. Vijidoa vyeusi vilivyoinuka huongezeka mashavuni. Masikio hurefuka, kwa wastani wa karibu milimita 0.22 kwa mwaka, maana yake kati ya kanda na leo yameongezeka kama nusu sentimita. Kwenye jicho la mzee mara nyingi kuna pete ya kijivu inayozunguka sehemu nyeusi, kitu ambacho hakuna poda ingekionyesha. Na kimo kinapungua takriban sentimita moja kila miaka kumi baada ya 40. Mtu akileta kanzu ile ile ya kwenye igizo, akaona inaburuza kidogo, asimlaumu dobi.

Kwa kijana anayeigiza mzee leo, ushauri wetu ni mfupi: weka kivuli cha kahawia iliyoiva chini ya mfupa wa shavu na kwenye panja, acha mistari. Mvi zianzie panja na kidevuni, usizimwage kichwani kote. Poda ya mtoto huanguka mabegani taa zikipata joto. Rangi ya nywele inayooshwa, ikipakwa kwa mswaki, inakaa. Na atumie nusu ya muda wa mekapu kujifunza kunyanyuka kwenye kigoda. Wachezaji wa mapiko wa Kimakonde walilijua hili kabla ya televisheni: kinyago cha mzee hakibadiliki sura hata mara moja, uzee wote unaletwa na mabega na miguu ya anayecheza ndani yake.

Uzee nao una ngazi, jambo ambalo maigizo yetu hayakulijali. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60. Kwenye skripti zetu, mtu wa 60 na mtu wa 85 walikuwa babu yule yule. Mwigizaji wa miaka 62 leo akipewa sehemu ya mtu wa 85 bado anaigiza, hana budi kwenda kuwatazama wa umri huo.

Kazi nyingine ya mkutano, na kwa maoni yetu ndiyo ya kuwahi, ni majina. Mezani kuwe na daftari kubwa na mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka. Kila sini iandikwe dakika na sekunde inapoanzia, nani yumo, jina lake la igizo na la kwao, nani alishika kamera, nyumba ni ya nani, mtaa gani. Majina ya watu ndiyo huteleza kwanza. Yako kwenye ncha ya ulimi na hayatoki, na kumshurutisha mtu hakusaidii. Acha nafasi wazi, jina litakuja wakati wa chai. Kumbukumbu zilizo nyingi na imara kwa watu wengi ni za kati ya miaka 10 na 30, ndiyo sababu aliyeigiza akiwa na 22 anakumbuka hadi rangi ya sahani, na aliyejiunga akiwa na 45 anakumbuka posho tu. Wawili wakibishana nani alimpiga nani kibao, kanda iamue. Kama sini hiyo haipo kwenye kanda, andika maelezo yote mawili na usonge mbele.

Mwaka ukiwa haujulikani, tazameni nyuma ya waigizaji. Igizo likiwa na mtu anayesimulia kukesha akisubiri kivuko cha Ndundu, limerekodiwa kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa kwenye Rufiji mwaka 2003, isipokuwa mwandishi awe alikumbuka tu ya zamani. Namba za simu kwenye mbao za maduka zinazoanza na 0741 au 0744 ni za kabla namba hazijabadilishwa. Makuti yaliyogeuka bati, barabara ya vumbi iliyogeuka lami, vyote vinasaidia. Mara nyingine mtaa ulio nyuma ya mwigizaji una thamani kuliko sini yenyewe.

Na kuna waliofariki. Steven Kanumba, aliyetokea Kaole Sanaa Group, alifariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28. Amri Athumani, Mzee Majuto, alifariki Agosti 2018 akiwa na 70. Nchi nzima ina uzoefu wa kuwaona kwenye kioo wakiwa hai. Kwa kikundi kidogo cha mkoani inakuwa ya karibu zaidi, kwa sababu mjane au mtoto wa marehemu anaweza kuwa chumbani. Ulizeni kwanza. Familia ipewe sini za mtu wao mapema, waziangalie nyumbani kwao peke yao, na wao waseme kama wangependa zionyeshwe hadharani. Mtoto aliyezaliwa baba akiwa tayari ameshaigiza huwa anaomba kitu kimoja, na si sini ya huzuni: anataka ile ambayo baba anacheka vibaya, mwongozaji akasema "kata". Kwa hiyo msitupe vipande vilivyokosewa wakati wa kunakili. Nakilini kanda nzima, hadi mwisho mweusi.

Baadhi ya vikundi baada ya kutazama hutaka kurudia sini moja. Ni vizuri, ila wachague inayobeba umri walionao. Bibi harusi wa 1999 akivishwa shela tena inakuwa vichekesho, na kama vichekesho ndivyo vinavyotakiwa sawa. Lakini wale wawili walioigiza mume na mke, ambao mpaka leo sokoni wanaitwa kwa majina ya igizo, wakikalishwa meza ile ile wakaongea kuhusu watoto waliohamia Dar, hapo hakuna anayehitaji mekapu.

Maneno ya zamani hurudi yakivutwa na neno la mwenzako. Mapya yanachelewa kushika, wala usidhani ni uvivu. Skripti ichapwe kwa herufi za ukubwa wa 16 au 18, nafasi kati ya mistari iwe ya kutosha, na pawe na taa; jicho la miaka 60 linahitaji mwanga karibu mara tatu ya jicho la miaka 20. Gawanya maneno vipande vidogo, mazoezi yawe mafupi kwa siku kadhaa badala ya siku moja ndefu, na mtu akariri akitembea hatua za sini yenyewe, kwa sababu mwili unakumbusha mdomo. Kama igizo lilikuwa na sindimba, ichezwe ubeti mmoja, juu ya ardhi ngumu. Mchanga wa ufukwe wa Shangani hapa Mtwara unazamisha nyayo, goti linajipinda, na kesho yake mtu haendi popote.

Mwanga wa nje uchagueni. Sisi tuko nyuzi kama 10 kusini mwa ikweta, na mnamo Oktoba na Februari jua la mchana linakaa utosini kabisa. Kivuli cha nyusi kinafunika macho yaliyoingia ndani, na mtu wa 58 anaonekana wa 75. Rekodini kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, kamera usawa wa macho. Kama mtaweka picha mpya na ya zamani kando kwa kando, rekodini kwa fremu 25 na mwacheni mwigizaji katikati, ili mkikata kuwa 4 kwa 3 asikosekane bega.

Kabla ya kurusha chochote mtandaoni, jueni haki ni za nani. Kipindi kilichogharamiwa na kituo kinaweza kuwa cha kituo hata kama kanda imebaki kwenu, na muziki wa nyuma una mwenyewe. Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, ndiyo ya kuulizwa. Kutazama nyumbani kwenu hakuna shida.

Faili zikae kwenye diski mbili tofauti na nakala ya tatu kwa mtu wa mji mwingine, tuseme moja Mtwara, moja Lindi mjini, moja kwa mtoto aliyeko Dar. DVD zilizochomwa miaka ile msizihesabu, nyingi zimeanza kugoma. Jina la faili liwe na mwaka, jina la igizo na namba ya sehemu, na picha za kurasa za daftari la majina ziwekwe folda hiyo hiyo. Kila mwaka, Novemba kabla mvua hazijaanza, mtu aliyekabidhiwa afungue kila faili, aruke mwanzo, kati na mwisho. Lililokataa linakiliwe upya kutoka diski ya pili wiki hiyo hiyo. Kanda zenyewe zirudi dumuni zikiwa zimesimama wima na zimerudishwa mwanzo.